Betri za gridi: MW 100 zitalipa ama ni mkopo mwingine tu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Naivasha mwenye mashine ya kusaga unga. Nalifupisha: "Injinia, kila siku tunaambiwa mvuke wa ardhini wa Olkaria unamwagwa usiku kwa sababu hakuna wa kutumia stima, na upepo wa Turkana unaambiwa upunguze. Alafu jioni saa moja stima inapotea ama inakuja hafifu mpaka mota haizunguki. Sasa KenGen, wale wazalishaji wa stima, wanasema wataweka mabetri ya MW 100 na pesa ya Benki ya Dunia. Hesabu yake ikoje, inalipa kweli ama sisi ndio tutalipa kwa tokeni za stima? Na mimi ninunue betri yangu ama nisubiri?"

Dada, asante, swali ni zuri na umeliuliza vile linafaa kuulizwa, maana wengi huuliza tu "betri ni bei gani" na wakishaambiwa bei wanakasirika ama wanafurahi, basi. Bei peke yake haikuambii kitu. Betri haizalishi stima hata yuniti moja, tena inakula kidogo kila ikipitisha, ukiingiza 100 utatoa kama 85. Kwa hivyo faida yake yote inatoka kwa kile inachokizima ama kukizuia, saa fulani, mahali fulani. Ukitaka kujua kama inalipa uliza ikiwaka saa moja na nusu jioni ni mtambo gani unazimwa, na ule mtambo ulikuwa unakula pesa ngapi.

Kabla ya hesabu, jambo moja ambalo magazeti hulivuruga kila siku. MW 100 ni nusu ya habari. Hiyo ni nguvu, upana wa bomba. Ukubwa wa tangi ni MWh, yaani MW mara masaa (MWh moja ni yuniti 1,000, na yuniti ni kWh moja), na hapo ndipo pesa nyingi iko. Betri ya MW 100 ya saa moja na betri ya MW 100 ya saa nne ni miradi miwili tofauti kabisa, ya pili inaweza kuwa bei karibu mara tatu ya ya kwanza, na ukisikia waziri ama mtu yeyote anataja MW bila kusema masaa mangapi ujue bado hujaambiwa kitu.

Sasa shida yetu Kenya iko hivi. Mahitaji ya jioni yalivuka MW 2,300 mwaka 2025, alafu ikifika saa tisa usiku watu wamelala yanashuka mpaka karibu nusu ya hapo. Lakini mvuke wa Olkaria haulali. Kisima cha mvuke si bomba la jikoni la kufunga na kufungua kila usiku, ukikifanyia hivyo unaweza kukiharibu, kwa hivyo mtambo ukipunguzwa mvuke unaachiliwa hewani. Upepo wa Turkana nao una tabia yake, unavuma vizuri sana usiku, na pale Loiyangalani kuna mitambo 365 ya jumla ya MW 310. Ukijumlisha mvuke, upepo na kiasi cha maji kisichoweza kusimamishwa, usiku unakuwa na stima ambayo haina mwenyewe. Jioni ni kinyume, jua limeshazama, kila nyumba imewasha taa na TV na kettle, upepo labda bado haujaamka, na ndipo mitambo ya mafuta ya Kipevu, Rabai na Thika inapoitwa. Na hata ikiitwa yote wakati mwingine haitoshi, Rais Ruto mwenyewe alisema hadharani mwaka 2025 kwamba kuna maeneo yanakatiwa jioni kwa sababu stima haitoshi. Kwa hivyo usiku tunamwaga na jioni tunakosa. Ukitazama hivyo betri inaonekana jibu la wazi kabisa, na hapo ndipo lazima tushike kalamu kwanza.

Tuseme betri ya MW 100 ya saa mbili, yaani MWh 200. Hizi namba ni za mfano, si za zabuni yoyote, nazitumia uone vile hesabu inavyotembea. Bei ya pakiti za lithiamu imeanguka vibaya sana, mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kWh, mwaka 2024 wastani wa dunia ukawa dola 115. Lakini pakiti si mradi. Kuna kontena, vibadilishi vya umeme, transfoma, kupooza hewa, mitambo ya kuzima moto, waya za kuunganisha, usafiri kutoka bandarini, msingi wa saruji, mainjinia, bima. Tuweke dola 250 kwa kWh ikiwa imesimama na inafanya kazi. Mara 200,000 unapata dola milioni 50.

Ukikopa hiyo milioni 50 kwa riba ya asilimia 8 ulipe miaka 15, kila mwaka ni kama dola milioni 5.84. Ongeza milioni 1 ya matunzo. Jumla 6.84. Sasa itatoa yuniti ngapi kwa mwaka? Tuseme inafanya kazi siku 330, na kwa kuwa betri huzeeka kidogo kidogo tuchukue wastani wa asilimia 88 ya uwezo wake katika maisha yake yote. Unapata kama MWh 58,000. Gawanya: kama senti 11.8 za dola kwa yuniti, ama shilingi 15 na kitu. Hiyo ni gharama ya kuhifadhi tu, bado hujanunua stima ya kujaza.

Linganisha na mafuta. Jenereta kubwa ya mafuta mazito hula kama gramu 220 kwa kila yuniti. Mafuta yakiwa dola 600 kwa tani, hiyo ni senti 13 za mafuta peke yake, weka oili na spea unafika 14 na zaidi kidogo. Kwa hivyo betri imeshinda, lakini kwa pua tu. Na imeshinda kwa sharti moja kubwa, kwamba stima ya kuijaza ni ya bure.

Je, ni ya bure kweli? Hapa inategemea mkataba umeandikwaje. Kama mkataba unasema tutalipa hata tusipochukua, basi kila yuniti ya upepo inayozimwa usiku tumeshailipia, kuitumia ni faida tupu. Mvuke unaomwagwa vilevile, visima vimechimbwa, mtambo umesimama, mkopo unalipwa. Lakini ikiwa utaijaza betri kwa stima unayonunua, hata kwa senti 5 tu, ukiweka ile hasara ya asilimia 15 inakuwa senti 5.9, na jumla yako inapanda mpaka karibu 17.7. Hapo jenereta ya mafuta imeshakupita. Ndo maana mimi mtu akiniambia "betri zinalipa" namuuliza utazijaza na nini, na akiniambia "hazilipi" namuuliza hivyo hivyo.

Alafu riba. Watu hawapendi kusikia lakini kwa mradi kama huu ambao pesa yote inatoka siku ya kwanza na hakuna mafuta ya kununua baadaye, riba inaweza kuua ama kuokoa mradi kuliko teknolojia yenyewe. Chukua betri ile ile, kontena zile zile: ukipata mkopo nafuu wa asilimia 4 gharama inashuka mpaka senti 9.5. Ukikopa kibiashara kwa 12 inapanda mpaka 14.4. Hakuna kilichobadilika pale sait isipokuwa karatasi za benki. Kwa hivyo ile habari kwamba ni pesa ya Benki ya Dunia si ya kupuuza, inaweza kuwa ndiyo inayofanya hesabu ikubali.

Na kitu cha tatu ambacho kwangu ndio kikubwa kuliko vyote ni siku ngapi kwa mwaka betri inafanya kazi. Nimeweka 330. Kama kuna usiku mwingi ambao hakuna ziada, kwa sababu mtambo mmoja wa Olkaria uko kwa matengenezo ama upepo umetulia wiki nzima, ukafika siku 150 tu kwa mwaka, gharama kwa yuniti inaruka mpaka senti 26, yaani shilingi 33. Betri inayokaa bila kazi ni pesa inayozeeka, maana lithiamu huchakaa hata ikiwa imelala. Na ziada yetu ya usiku haikai pale milele, mahitaji yanakua kila mwaka, na usiku wa Kenya wa 2030 hautakuwa usiku wa leo. Kwa upande mwingine viwanda vimeweka sola juu ya paa kwa wingi, kwa hivyo mchana nao unaanza kuwa na shimo lake, pengine baadaye betri itajazwa mara mbili kwa siku, usiku na saa sita mchana, na hapo gharama kwa yuniti inashuka karibu nusu. Mtu anayefanya hii hesabu kwa kutazama mwaka mmoja tu atadanganyika upande mmoja ama mwingine.

Mpaka hapo nimekupa upande wa kununua rahisi na kuuza ghali tu, na ukiona, peke yake ni mradi wa kusitasita. Kinachonifanya niseme ndiyo kwa hizi MW 100 za kwanza ni kazi nyingine.

Gridi inataka akiba inayozunguka muda wote. Yaani pale kituo cha kudhibiti lazima wawe na mitambo inayokimbia chini ya uwezo wake ili kitu kikianguka ghafla wao wapandishe. Sisi akiba hiyo tunaitoa sana kwa mabwawa ya mto Tana kama Gitaru na Kiambere, na wakati mwingine mafuta. Mtambo wa maji unahitaji sekunde kadhaa kupanda, betri inahitaji sehemu ya sekunde. Unakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi yote ilizimika usiku, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukabaki giza? Turkana ilikuwa inatoa kama MW 270 ikatoka mara moja, kama asilimia 15 ya stima yote iliyokuwa inatumika. Kenya Power, wasambazaji wa stima, walisema hivi, kampuni ya upepo wakasema ni voltiji ya gridi iliyopanda ikawatupa nje, hata sitaki kuingia kwa hiyo kesi. Cha maana ni kwamba ukipoteza kipande kikubwa hivyo kwa sekunde moja, frikwensi, yaani kasi ya mzunguko wa stima kwenye gridi, inaanguka kabla mtambo wowote wa maji haujaamka, na mitambo mingine inajizima kujilinda, moja baada ya nyingine. Betri ya MW 100 haingefunika 270 zote, tusidanganyane. Lakini ingeweza kununua zile sekunde chache ambazo kukata maeneo machache kwa utaratibu kunaokoa nchi nzima.

Hii si nadharia. Jimbo la South Australia lilizimika lote tarehe 28 Septemba 2016 baada ya dhoruba, na mwaka uliofuata mwezi wa Disemba wakawasha betri ya Hornsdale, MW 100 yenye MWh 129. Tazama vizuri hizo namba, tangi ni la saa moja na kidogo tu. Hawakuinunua ili kulisha watu jioni. Kazi yake kubwa na mapato yake makubwa yalitoka kwa kushikilia frikwensi, na ilipoingia sokoni bei ya hiyo huduma ikaanguka, kwa hivyo faida haikwenda kwa mwenye betri peke yake, wateja nao walipata. Biashara ilikuwa nzuri mpaka mwaka 2020 wakaiongeza ikawa MW 150. Lakini hapo pia kuna onyo ambalo watu hawapendi kulisema, soko la frikwensi ni dogo, betri chache zikiingia linajaa, na betri ya kumi haipati ilichopata ya kwanza.

Kuna pia thamani ya giza linaloepukwa. Tuchukue kwamba betri inaokoa MW 20 zisikatwe, kwa saa mbili, jioni 100 kwa mwaka. Hiyo ni MWh 4,000. Kama kila yuniti inayokosekana inagharimu uchumi dola moja, na kwa mwenye saluni, mwenye kuchomelea ama wewe mwenye mashine hiyo dola si nyingi, umepata dola milioni 4 kwa mwaka. Linganisha na ile milioni 6.84 ya gharama yote. Kwa hivyo unaona vile kitu kidogo kinavyobeba mradi. Ndo maana ukifanya hesabu ya betri bila kuweka bei kwa giza, betri itashindwa karibu kila mara, na ukiweka bei kubwa mno kwa giza, betri itashinda hata pale haifai. Mchezo wote wa hizi ripoti za washauri uko hapo, na mimi ripoti ikija nafungua kwanza ukurasa wa hiyo namba.

Sasa kosa ambalo naliona kwa karibu kila hesabu ya kuvutia: kuhesabu MWh moja mara tatu. Wanaandika faida ya kupunguza mafuta jioni, wanaongeza faida ya akiba ya dharura, wanaongeza faida ya kuahirisha laini mpya, wanajumlisha zote, mradi unang'aa. Lakini betri iliyojimwaga yote ikafika saa tatu usiku iko tupu, mtambo ukianguka saa tatu na nusu haina cha kutoa. Ukitaka iwe akiba lazima uiachie kiasi tumboni, na kile unachoacha hukiuzi kwa kilele. Kuna faida zinazokaa pamoja vizuri, mfano kurekebisha voltiji na kuuza jioni, hazigombani sana. Nyingine zinanyang'anyana. Msimamizi mzuri anagawa, tuseme asilimia 70 kwa jioni na 30 ya dharura, na hesabu ya faida inagawanywa vivyo hivyo.

Mahali pa kuiweka pia kunabadilisha kila kitu na mara nyingi kunaamuliwa na nani ana shamba. Ukiweka betri Loiyangalani karibu na upepo, unaweza kuijaza hata laini ikiwa imejaa, vizuri, lakini ile laini ya kilomita zaidi ya 400 kuja Suswa ikikatika betri yako imebaki upande mbaya wa ajali pamoja na upepo. Ukiiweka karibu na watumiaji, tuseme upande wa magharibi, inasaidia voltiji pale pale na inafanya kazi laini ikikatika. Kwa miaka mingi pale Muhoroni tulikuwa tunawasha mtambo wa gesi wa MW 30 unaokula mafuta ya taa, si kwa sababu nchi ilikosa stima, ni kwa sababu stima ilikuwa ikifika magharibi imechoka. Mtambo wa namna ile unakula mafuta ya karibu senti 27 kwa yuniti kwa bei za kawaida. Betri inayouzima ule inalipa mara mbili ya betri inayozima jenereta ya Rabai, ingawa kontena ni zile zile. Ukiniuliza mimi, ningependa hizo MW 100 zigawanywe vipande viwili ama vitatu kuliko kuzijaza sehemu moja.

Wapinzani wa betri pia lazima wapewe nafasi yao, maana mara nyingi betri inalinganishwa na mafuta tu ndo ionekane nzuri. Mpinzani wa kwanza ni bwawa tulilonalo. Bwawa la Masinga kwenye mto Tana ni betri. Ukiingiza stima ya Ethiopia mchana, ambayo mkataba wake ulianza na MW 200 kwa senti 6.5 hivi za dola kwa yuniti, ukafunga maji ya Tana mpaka jioni, umehifadhi nishati bila kununua lithiamu hata kilo. Tunafanya hivyo tayari, lakini kuna kikomo, mwaka wa ukame maji hayapo, na mwaka kama 2024 wa mafuriko Masinga ilijaa ikamwagika, huwezi kuhifadhi kitu kwa ndoo iliyojaa. Jirani zetu Tanzania wana Bwawa la Nyerere, MW 2,115, mitambo 9 ya MW 235, na tangu mwisho wa 2024 laini ya Isinya kwenda Singida imeunganisha gridi hizi mbili. Kwa mtazamo wangu hapo kuna uhifadhi mkubwa kuliko betri zote tutakazonunua kwa miaka kumi, wao walale na maji yao sisi tukiwapelekea upepo wa usiku, jioni waturudishie. Inahitaji mikataba na kuaminiana, na vitu hivyo havisafirishwi kwa kontena.

Mpinzani wa pili ni bwawa la kupandisha maji, lile la kupampu usiku na kuteremsha jioni. Dinorwig kule Wales linafanya hivyo tangu 1984, MW zaidi ya 1,700, na linarudisha kama asilimia 75 ya unachoingiza. Kwa masaa mengi na maisha marefu halina mpinzani, betri ya leo itakuwa imetupwa mara mbili na lile bado linazunguka. Lakini linataka mlima, maji, miaka ya ujenzi na pesa nyingi mara moja. Ingula ya Afrika Kusini, MW 1,332, ilianza kujengwa 2005 ikamalizika kama miaka 12 baadaye. Kwa shida ya jioni ya mwaka huu, haikusaidii.

Mpinzani wa tatu ndiye naogopa zaidi kwa niaba ya betri, naye ni bei ya usiku. Tangu Disemba 2017 viwanda vina punguzo la nusu bei usiku, na mwaka 2023 ikaletwa tarifu ya magari ya umeme, wakati huo shilingi 16 kawaida na 8 usiku. Kila basi la umeme linalojazwa saa saba usiku, kila pampu ya maji ya kaunti inayohamishwa kutoka saa moja jioni kwenda saa sita usiku, inafanya kazi ya betri bila mkopo wa dola. Ukiweza kuhamisha MW 50 kwa bei peke yake umepunguza nusu ya sababu ya kununua betri, na hiyo inafaa kufanywa kwanza. Lakini kuna kitu bei haiwezi, hakuna punguzo litakalomfanya mama apike chakula cha watoto saa nane usiku.

Na hii inanileta kwa nini nasema MW 100 ndiyo na si MW 1,000. Kilele cha jioni kina ncha. Ukikata MW 100 za juu kabisa unahitaji saa mbili hivi. Ukitaka kukata 100 zinazofuata, kilele kimeshakuwa kipana, unahitaji saa tatu, nne, na tangi kubwa zaidi kwa faida ile ile. Kila kipande kinachofuata ni ghali kuliko kilichotangulia na kinazima mtambo wa bei nafuu kidogo kuliko uliozimwa mwanzo. California walipitia hii, baada ya kukatiana stima kwa zamu Agosti 2020 walinunua betri kwa kasi ya ajabu, wakavuka MW 10,000 mwaka 2024, nyingi za saa nne, na kwao ilikubali kwa sababu wana mlima wa sola mchana wa kuzijaza bure kila siku. Sisi bado hatuna mlima huo. Tununue kidogo, tuone zinafanya siku ngapi kweli kwa mwaka, alafu tuongeze. Uzuri wa betri ni kwamba zinaongezwa kontena kwa kontena, si kama bwawa.

Usalama nitapita haraka. Januari 2025 betri za Moss Landing huko California zilishika moto mkubwa watu wakahamishwa. Zile zilikuwa ndani ya jengo moja na za kemia yenye nikeli. Zinazonunuliwa sana sasa kwa gridi ni za chuma na fosfeti, zinakaa nje kwa kontena zilizoachana, hatari imepungua sana ingawa haijaisha. Gharama yake iwekwe kwa bajeti, basi.

Uliuliza kama mtalipa kwa tokeni. Ndiyo mtalipa, na pia mtaokoa, na zote mbili ziko ndani ya mchanganuo wa bei ya tokeni yako. Pale kuna mstari wa gharama ya mafuta na mstari wa mabadiliko ya fedha za kigeni. Betri ikizima jenereta, mstari wa mafuta unashuka. Mkopo wa betri ukiwa wa dola na shilingi ikianguka, mstari wa fedha za kigeni unapanda. Kwa hivyo mradi unaweza kuwa mzuri kwa nchi na bado tokeni yako isitikisike hata shilingi moja, kwa sababu wewe ni mmoja kati ya mamilioni mnaogawana. Faida utakayoiona wewe ni mota kuzunguka saa moja jioni. Cha kupigania ni mkataba. Kama betri italipwa kwa kuwepo tu, iwe imefanya kazi ama haijafanya, tutakuwa tumerudia yale yale ya mitambo tuliyokuwa tunailipa ikiwa imezimwa. Ilipwe kwa kuwa tayari saa za kilele, ikatwe ikikosa, na mwenye kuiuza aahidi kwa maandishi itabaki na uwezo kiasi gani mwaka wa kumi.

Sasa mashine yako. Kama mota ni ya kilowati 15 na unataka saa mbili jioni, ni kWh 30 za betri, na ukiweka ile bei ya mfano ya dola 250 ni dola 7,500, kabla ya inveta ya fezi tatu inayoweza kubeba mota ikianza, maana mota ikianza moja kwa moja inavuta mara tano ama sita ya kawaida. Mara nyingi naona watu wananunua inveta kubwa ya bei mbaya kwa sababu ya zile sekunde tatu za kuanza, wakati kifaa cha kuanzisha mota polepole kingewaokolea pesa nyingi. Anza na hicho, kitakusaidia hata leo kwa stima hafifu. Alafu kwa mwezi mmoja andika kwa daftari saa ngapi za jioni umepoteza na ungesaga magunia mangapi. Kama ni masaa kumi kwa mwezi, betri ya dola elfu saba haitakulipa, bora uwaambie wateja wa jioni waache magunia usage asubuhi. Kama ni masaa arobaini, na una paa la kuweka paneli ili betri ijazwe mchana na jua badala ya tokeni, tuma hizo namba tukae chini tupige hesabu yako vizuri. Na ukienda ofisi ya Kenya Power uliza kama mita yako inaweza kuingia tarifu ya usiku, kwa sababu kusaga saa kumi na moja alfajiri kwa bei ya punguzo huenda ikakupa zaidi ya betri yoyote.